Grauti nyeusi, vigae vinavyoinuka, sila zisizo na kazi: tuongee kuhusu sakafu zetu (uzi mrefu)

Fundi_Mwiko

Wadau, salamu. Niko kwenye kazi ya vigae hapa Nairobi tangu enzi ambazo nyumba nyingi za kupanga zilikuwa na sakafu nyekundu ya oksaidi, ile ya kupigwa waksi kila Jumamosi. Siku hizi hata bedsita ya mtaa wa Pipeline ina vigae kutoka mlangoni hadi chooni. Vigae vimeenea haraka kuliko elimu ya kuvitunza, na hilo linaniuma. Sakafu ambayo ingefaa izeeke na wenye nyumba, naitwa kuibomoa kabla watoto hawajamaliza shule ya msingi.

Simu ninazopigiwa zinafanana. Mistari imekuwa myeusi. Kigae kimepasuka chenyewe. Jirani wa chini analalamika dari yake inavuja. Nikifika, mara nyingi nakuta tayari asidi imemwagwa, au grauti mpya (kile kijazo cha mistari kati ya vigae) imepakwa juu ya kuukuu, au mtu ameuziwa sila, ile dawa ya kuziba vitundu, ya kung'arisha. Zote tatu ni dawa za juu, na chanzo mara nyingi kiko chini: maji yaliyopata njia, sakafu inayosogea, au kigae ambacho hakikushika tangu siku kilipowekwa. Ukijaza mstari bila kujua kwa nini umepasuka, utaujaza tena.

Kigae chenyewe hakina maneno mengi. Ni udongo uliochomwa, na juu yake kuna glezi, ambayo kwa kweli ni kioo chembamba. Glezi hainywi maji wala mafuta. Mgongo wake ndio tofauti: chukua kigae cha ukutani, kigeuze, mwagia maji kidogo, utaona yanavyonywewa. Vigae vingi vya ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, ilhali vile vigumu vya poseleni havizidi asilimia 0.5. Kumbukeni tofauti hiyo, tutaihitaji mbele.

Sehemu dhaifu ni grauti. Grauti ya kawaida ni saruji, mchanga laini na rangi, na ukiitazama kwa karibu imejaa vitundu. Inakunywa chai, mafuta ya kupikia na zaidi ya yote maji ya mopu. Mistari iko chini kidogo ya uso wa kigae, kwa hiyo ukipiga deki sebule, korido na jikoni kwa ndoo moja ya maji, unachofanya ni kuutoa uchafu juu ya kigae na kuulaza kwenye mistari. Maji yakikauka, tope linabaki. Wa Kinoo, Ruaka na Kikuyu wananielewa zaidi, maana udongo wao mwekundu una kutu ya chuma ndani yake, na Jik haitoi kutu hata uimwage chupa nzima.

Sasa asidi. Kuna ile kali ya haidrokloriki, na dawa nyingi za kusafishia choo ni hiyohiyo ikiwa imepunguzwa makali. Ukiimwaga kwenye mistari, povu linachemka na mistari inatoka myeupe. Mtu anafurahi. Lakini povu lile si uchafu unaotoka. Ni saruji inayoyeyuka na kutoa gesi. Rudi kesho yake upitishe kidole kwenye mstari, utapata chembe za mchanga mkononi: mchanga umebaki, kilichokuwa kinaushika kimeondoka. Grauti ya namna hiyo ina vitundu vikubwa kuliko mwanzo, inachafuka upesi zaidi, na asidi inarudiwa. Nimeingia bafu ambazo ukipitisha ufunguo kwenye mstari unazama hadi kwenye gundi.

Kwa usafi wa kila siku tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, ndoo mbili (moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia mopu), kisha kausha kwa kitambaa. Mistari ikiwa imeshakuwa myeusi, koroga baking soda na maji iwe nzito, paka, subiri dakika kumi, sugua kwa burashi ya nailoni. Isipotoka, tafuta ile poda ya oksijeni ya kutoa madoa kwenye nguo za rangi, ikoroge kwenye maji moto, imwage ikae robo saa kwenye mistari, sugua, suuza. Burashi ya waya iacheni. Inakwaruza glezi, na vipande vya chuma vinavyobaki vinaota kutu.

Mwenye swali aulize. Nitajibu nikitoka saiti.

Mama_Buruburu

Fundi, ubarikiwe. Nyumba yangu ni ya zamani, bafu ina vigae vidogo vyeupe ukutani. Kinachonisumbua ni weusi kwenye kona, pale ukuta unapokutana na sakafu, na pembeni mwa sinki. Julai na Agosti ndiyo mbaya zaidi. Watu wananiambia nitumie siki kwa kuwa haina kemikali, halafu Jik juu yake. Wewe waonaje?

Fundi_Mwiko

Mama, tafadhali sana usifanye hivyo. Siki ni asidi. Ukiikutanisha na Jik inatoka gesi ya klorini, na klorini ni sumu ya mapafu. Jik na dawa ya choo ni vivyo hivyo, tena vibaya zaidi kwa sababu asidi ile ni kali. Jik na kitu chochote chenye amonia pia hapana. Bafu zetu zina kidirisha kimoja kidogo juu, ukizidiwa mle ndani huna pa kukimbilia. Ukishatumia kimoja, suuza kwa maji mengi, na kingine kiache kabisa siku hiyo.

Siki peke yake inakula saruji polepole. Tofauti yake na ile asidi ya chupa ni mwendo tu.

Weusi wako ni kuvu. Kuvu wanataka unyevu na chakula, na chakula chao ni utando wa sabuni na mafuta ya mwili. Mwezi wa saba hapa kwetu jua halionekani, ukuta unashinda na unyevu, na madirisha tunayafunga kwa sababu ya baridi. Jik iliyopunguzwa kwa maji inawaua walio juu, ila wakirudi kila mara, angalia ile kona imezibwa na nini. Nina hakika ni grauti. Kona ambapo ukuta unakutana na sakafu, au ukuta na ukuta, haifai grauti. Pande mbili zile zinasogea tofauti, grauti haiwezi kunyumbulika, inapasuka ufa mwembamba kama unywele, na maji yanakaa ndani ya ufa. Pale panataka silikoni.

Kwangua grauti ya kona yote kwa kisu, toa vumbi, pangusa kwa Jik iliyopunguzwa, suuza, kisha uache pakauke hasa. Siku nzima, dirisha wazi. Silikoni haishiki penye unyevu. Dukani omba ya bafu na jikoni yenye dawa ya kuvu. Bandika utepe wa karatasi pande zote mbili, kamua, laza kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, toa utepe kabla haijaganda. Msioge hapo hadi kesho yake.

Mama_Buruburu

Nimeelewa. Kijana wangu atanifanyia Jumamosi. Asante kwa la Jik, hilo hata wasichana wa kazi wanapaswa kuambiwa.

Wa_Syokimau

Kwangu ni tofauti. Vigae vya sebuleni vimeinuka katikati, vimesimama pembetatu. Ilikuwa mchana, mwezi wa pili, jua kali, hakuna aliyekuwa amevikanyaga. Vililia kwa kishindo tukadhani kitu kimeanguka juu ya mabati. Fundi wangu anasema ni black cotton, ule udongo mweusi, imesukuma kutoka chini. Jirani anasema tetemeko. Nyumba ina miaka minne. Nibomoe sakafu yote?

Fundi_Mwiko

Usibomoe bado. Kwanza nenda ukageuze kimoja kati ya vile vilivyoinuka uangalie mgongo wake, kisha uangalie sakafu iliyokuwa chini yake. Uniambie mgongo una nini: umejaa gundi, una madonge matano, au ni msafi kama ulivyotoka kwenye boksi? Na sakafu ya chini ina ufa au ni nzima?

Wa_Syokimau

Mgongo ni msafi karibu wote, una alama za kijivu kwenye kona na katikati. Sakafu chini ni nzima, sioni ufa. Kuta pia hazina.

Fundi_Mwiko

Basi udongo hauna hatia safari hii. Black cotton ipo kwenu, na inafura mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi, lakini ikisukuma haichagui kigae peke yake. Ingepasua skridi (tabaka ya saruji iliyo chini ya vigae), ingepasua ukuta kwenye kona za madirisha na milango.

Kilichotokea ni hiki. Saruji ya nyumba mpya inasinyaa miaka ya mwanzo inavyoendelea kukauka. Kigae kinaenda upande mwingine: kinatanuka kidogo kwa unyevu na kwa joto. Fundi wako alivibana vigae hadi ukutani, grauti ikajaa kila mahali, hakukuwa na nafasi ya kupumua. Nguvu ilijikusanya hadi siku ya jua kali ikatafuta pa kutokea, ikapata penye mshiko dhaifu. Kile kishindo ni mshiko ukiachia wote kwa pamoja.

Na mshiko ulikuwa dhaifu kwa sababu ya madonge. Kuweka donge kila kona na moja katikati kunamrahisishia fundi kusawazisha, ila kunaacha hewa chini ya kigae. Mgongo msafi unaonyesha jambo la pili: kama vigae ni poseleni na vililazwa kwa mchanga na saruji tu, havikushika kamwe. Poseleni hainywi, na saruji ya kawaida inahitaji kigae kinachonyonya ili kishike. Poseleni inataka gundi ya vigae yenyewe, iliyotandazwa kwa mwiko wa meno.

Chukua sarafu, zunguka sebule yote ukigonga kigae kimoja kimoja. Chenye sauti ya ndani tupu kiwekee alama ya chaki. Ondoa skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta) uone kama kuna nafasi ukutani. Kama hakuna, kata upate milimita 8 hadi 10 kuzunguka chumba kizima, skatingi itaificha. Vilivyoinuka na vilivyo jirani yake vyenye sauti tupu ng'oa, kwangua chini hadi pawe safi bila vumbi, laza upya. Chenye sauti tupu lakini kimetulia, hakichezi, grauti yake haijapasuka, kiache kikae. Si kila kigae kinacholia kina haja ya kung'olewa, na fundi anayetaka kung'oa vyote muulize anajenga au anatafuta siku za kulipwa.

Mhandisi_SouthC

Niongeze tarakimu kwa wanaojenga sasa hivi. Viwango vya Marekani vinavyotumika sana kama marejeo vinataka gundi iguse angalau asilimia 80 ya mgongo wa kigae sehemu kavu za ndani, na asilimia 95 sehemu zenye maji na nje. Madonge matano hayafiki huko. Jointi za kupumulia, zinazojazwa silikoni au kitu kinachonyumbulika badala ya grauti, ziwekwe kila mita 6 hadi 7.5 ndani ya nyumba. Kwenye veranda, baraza na penye kupigwa na jua moja kwa moja, kila mita 2.5 hadi 3.7.

Na someni mfuko wa gundi. Ukiona C1 ni gundi ya kawaida ya saruji, C2 ni iliyoboreshwa, S1 maana yake inanyumbulika kidogo. Kwenye grauti, CG1 na CG2 ni za saruji, RG ni ya resini kama epoksi. Kwa poseleni kubwa ya 60 kwa 60, mimi siruhusu chini ya C2 kwenye saiti yangu.

Pia tusiiondolee black cotton lawama zote. Nimeona Embakasi na Kitengela sakafu ambapo skridi na vigae vilipasuka mstari mmoja ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta. Hapo hakuna gundi itakayosaidia, mwite mhandisi aangalie msingi.

Fundi_Mwiko

Mhandisi amesema kweli. Ufa unaopita vigae vingi kwa mstari mmoja, tofautisheni na kigae kimoja kilichopasuka. Kimoja mara nyingi ni sufuria imeanguka au hewa iko chini yake. Mstari mrefu unatoka kwenye zege.

Kileleshwa_Ghorofa4

Niingie hapo. Jirani wa ghorofa ya tatu ana doa kubwa kwenye dari ya bafu lake, chini ya shawa yangu. Keateka, yaani msimamizi wa jengo, ameleta fundi ambaye amepiga grauti upya, akapaka sila, ametulipisha, na wiki iliyofuata maji yakaendelea kudondoka. Sasa wanataka kurudia. Kosa liko wapi?

Fundi_Mwiko

Kosa ni kuamini kwamba grauti inazuia maji. Grauti nzima, mpya, iliyopakwa sila, bado inapitisha unyevu. Kinachozuia maji kwenye bafu ni ile tabaka ya kizuia maji inayopakwa juu ya skridi na kupanda ukutani kabla ya kigae kuwekwa. Kama haikuwekwa au imepasuka, unaweza kupiga grauti kila mwezi.

Kabla hujalipa tena, fanyeni majaribio, na jirani awe upande wako. Siku ya kwanza msitumie bafu kabisa, lakini maji ya nyumba yawe wazi na mabomba yote yamefungwa. Doa likiendelea kulowa, ni bomba la ndani ya ukuta, liko na presha muda wote, na kigae hakihusiki. Doa likikauka, ziba tundu la kutolea maji kwa plagi au mfuko wenye mchanga uliofungwa vizuri, jaza maji sakafuni kama sentimita 2 yasivuke kizingiti, weka alama ya penseli yalipofikia, acha saa 24. Maji yakishuka kuliko yanavyoweza kukauka kwa hewa, na jirani akaona doa, ni sakafu. Yasiposhuka, toa kizibo yaende yote kwa mpigo mmoja. Doa likitokea hapo, ni tundu lenyewe au bomba la kutolea. Na kama hayo yote yamepita salama, elekeza shawa ukutani uone.

Kwa uzoefu wangu, tundu la maji ndilo la kuangaliwa kwa makini zaidi. Fundi wa mabomba anaweka bomba lake, fundi wa vigae anakata kigae kuzunguka, na katikati yao kunabaki uwazi uliojazwa grauti tu. Hakuna aliyeona ni kazi yake.

Kileleshwa_Ghorofa4

Hakuna aliyewahi kutuambia tufanye hivyo. Nimemtumia keateka maandishi haya yote.

Mpangaji_Roysambu

Mimi ni mpangaji, mwenye nyumba hataki kusikia. Ukuta wa jikoni juu ya sinki grauti inatoka kwa vipande. Ni eneo dogo, nataka kufanya mwenyewe. Naweza kupaka mpya juu ya ile?

Fundi_Mwiko

Hapana ndugu yangu. Grauti mpya iliyotandazwa juu ya kuukuu haina kina, inatoka magamba. Kwanza gonga vigae kwa sarafu. Kama vinacheza, grauti siyo shida yako. Kama vimeshika, endelea.

Nunua msumeno mdogo wa grauti, ule wa mkono. Grainda inafanya kazi upesi lakini ukiteleza sekunde moja umekata glezi, na kigae ni cha mwenye nyumba. Vuta msumeno katikati ya mstari, ondoa hadi theluthi mbili ya unene wa kigae ukiweza. Vaa miwani na barakoa nzuri, na lowesha mstari kidogo kwa chupa ya kunyunyizia, kwa sababu vumbi lile lina silika na silika inaharibu mapafu. Ukimaliza toa vumbi lote. Vumbi likibaki, grauti mpya inashika vumbi badala ya kigae.

Pima upana wa mstari. Ukiwa chini ya milimita 3, nunua grauti isiyo na mchanga, ukiwa zaidi nunua yenye mchanga. Isiyo na mchanga kwenye mstari mpana inasinyaa na kupasuka, na yenye mchanga haiingii kwenye mstari mwembamba.

Kukoroga ndiko wengi wanapoharibu. Maji yafuate kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, hata kama unaona ni machache. Maji yakizidi, yanapokauka yanaacha vitundu, na rangi inatoka mabaka, hapa nyeusi pale nyeupe. Koroga, acha itulie dakika tano hadi kumi, koroga tena bila kuongeza maji. Ikianza kuganda kwenye ndoo, itupe.

Pangusa mistari kwa sponji yenye unyevu. Tumia mwiko wa mpira, sukuma grauti mshazari, ukikata mistari kwa pembe, bonyeza hadi ijae. Kisha pitisha ukingo wa mwiko kuondoa iliyozidi. Subiri. Ukigusa mstari na kidole hakiachi alama, chukua sponji, ikamue hadi karibu iwe kavu, pangusa kwa mzunguko mwepesi. Sponji inayotiririka maji inaosha rangi na saruji. Utando mweupe utakaobaki juu ya vigae uufute kwa kitambaa kikavu siku hiyohiyo, kesho utakuwa umekuwa mgumu. Pale sinki inapokutana na ukuta weka silikoni, kama nilivyomweleza Mama hapo juu.

Mwalimu_Umoja

Swali langu ni sila. Nimeambiwa nipake nyumba nzima, vigae na mistari, "ili sakafu idumu". Bei ni kubwa. Vigae ni vya seramiki vya kung'aa vya kawaida. Ni lazima?

Fundi_Mwiko

Mwalimu, vigae vyako havihitaji. Glezi ni kioo, sila haina pa kuingia. Itakaa juu, itakuwa na ukungu mweupe, itashika alama za miguu, na baada ya muda itaanza kubanduka. Kuitoa ni kazi kuliko kuipaka.

Kinachoweza kupakwa ni mistari peke yake, na mawe ya asili kama unayo. Kuna sila ya kupenya, inaingia kwenye vitundu vya grauti na kuyafanya maji yakae juu kama matone. Haibadilishi sura, na inaruhusu unyevu wa ndani kutoka. Hiyo ndiyo ninayoitumia. Kuna ya utando, inakaa juu na kung'aa, na ukiipaka penye unyevu chini, unyevu unakwama, utando unageuka mweupe na kutoka. Kwenye nyumba ya chini isiyo na karatasi ya plastiki chini ya zege, naikataa kabisa.

Jaribu mwenyewe kwanza. Dondosha maji kidogo kwenye mstari mkavu. Yakinywewa na mstari ukawa mweusi ndani ya dakika chache, sila itasaidia. Yakisimama juu, weka pesa yako mfukoni. Fanya hivyo jikoni karibu na jiko na kwenye bafu, si chumba cha kulala ambako hakumwagiki kitu.

Ukipaka, mistari iwe safi. Sila haifuti doa, inalifungia ndani. Iwe kavu. Grauti mpya ipe muda ulioandikwa kwenye chupa, kuna za siku tatu, kuna za hadi siku 28. Paka kwa burashi ndogo, na ndani ya dakika tano hivi futa kila tone lililoangukia kigae. Rudia jaribio la maji kila baada ya mwaka hivi, ndilo litakuambia kama imeisha. Na sila haizuii kuvuja. Inakupa nafasi ya kufuta mchuzi kabla haujaingia, basi.

Mwalimu_Umoja

Na epoksi je? Nasikia haihitaji sila.

Fundi_Mwiko

Kweli, haihitaji, na haishiki madoa. Asidi nyepesi haiigusi. Nyuma ya jiko na kwenye shawa naipenda. Ila ni ghali, inaganda upesi, na ikikauka juu ya kigae kabla hujaisafisha haitoki kirahisi. Usimpe fundi anayejifunza kwako. Na epoksi haiwezi kupigwa juu ya grauti ya saruji iliyopo, lazima ile itoke.

Dada_Donholm

Kuchelewa si kukosa. Nina kigae kimoja tu kimepasuka katikati ya korido, nilivyoangusha mtungi wa gesi. Vya pembeni vizima. Sina cha akiba na duka lilishafungwa. Kukitoa hakutaharibu vingine?

Fundi_Mwiko

Hakutaharibu ukianza na grauti. Wengi wanaanza na nyundo, na mshtuko unapita kwenye grauti hadi kigae cha jirani. Kata mistari yote minne kwanza, kigae kiwe kimetengana. Kisha toboa matundu machache katikati kwa biti ya vigae, vunja kwa tindo ukielekea nje kutoka katikati, kamwe si kutoka ukingoni kuingia ndani. Vaa miwani, vipande vya glezi vinakata. Kwangua gundi ya zamani yote, maana kigae kipya kina unene uleule na kinahitaji nafasi ya gundi mpya. Paka gundi chini kwa mwiko wa meno na nyingine mgongoni mwa kigae, bonyeza, weka ubao ulionyooka juu yake na vya jirani kuhakikisha viko sawa, zuia kwa utepe, usikanyage siku nzima. Grauti kesho yake.

Kuhusu kupata kinachofanana: geuza kile kilichovunjika, nyuma mara nyingi kuna chapa ya kiwanda. Kama ulitunza hata kipande cha boksi, tafuta namba ya toni (rangi) na ya kaliba (ukubwa halisi). Kigae cha jina lilelile chenye toni nyingine kitaonekana tofauti mchana. Ukikosa kabisa, ng'oa kimoja kutoka chini ya kabati la jikoni au nyuma ya friji ukitumie koridoni, na pale palipofichwa weka chochote kinacholingana kwa ukubwa na unene. Nyumba zenye vigae vya seramiki vya zamani nimezirekebisha hivyo nyingi.

Dada_Donholm

Chini ya kabati! Kuna vigae mpaka ukutani kule. Nitaanza hapo.

Fundi_Mwiko

Kigonge kwanza kwa sarafu. Kama kina sauti tupu kitatoka kizima bila shida. Kama kimeshika barabara, jaribu cha pili yake.